Sufuria la mnavu la Msabaha: kisa cha mnanaha, mmea wa sumu, tangu mwanzo hadi mwisho

Nyumba yenyewe iko Msabaha, ukitoka Malindi mjini unaelekea Gede, na sitataja mtu manake watu wapo na wanaishi na majirani zao. Mvua za masika zilikua zishakolea, mboga zimejaa kila pahali, na mke wa mwana akachuma mnavu nyuma ya nyumba, pale ambapo zamani palikua na zizi la mbuzi la jirani. Akapika kwa tui la nazi, wakala na sima saa saba mchana. Walokula ni wanne: yeye mwenyewe, mavyaa wake, mtoto wa kiume wa miaka saba, na binti mkubwa ambae mnavu haupendi kwa uchungu wake kwa hivo alichovya sima kwenye tui akala na majani mawili matatu. Mume ni mtu wa boda boda, alikua barabarani, hakula.

Haikufika saa nane yule mtoto akaanza kulia mdomo umekauka. Anapewa maji, yanamwagika, kumeza hawezi vizuri. Mamake nae akashika simu akaona maandishi yamefifia, akafikiri ni usingizi. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mama akaanza kunyofoa vitu visivyokuwepo kwenye kanga yake, kimoja kimoja, huku anaongea na shangazi yake alokufa zamani, na anaongea nae kwa utulivu kabisa kama watu walokaa barazani. Mtoto anapiga mikono hewani anashika vidudu. Bibi anatetemeka, moyo unamwenda mbio, anajaribu kusimama anaanguka. Binti peke yake ndio mwenye akili zake, analalamika koo kavu tu na macho yanamuuma akitoka juani, na ndie alokimbia kuita watu.

Majirani walipoingia wakaona watu watatu wa nyumba moja wameruka akili kwa wakati mmoja, na hapo kila mtu akawa na lake. Kuna walosema ni jini la nyumba, kuna walosema wamerogwa, na kuna walonong'ona, na hili ndilo baya, kwamba mke ametia kitu chakulani ili ammalize mavyaa wake manake wiki ile walikua wamegombana. Maneno haya yalifika barabarani kabla mgonjwa yeyote hajafika hospitali.

Akaitwa mwalimu mmoja mzee wa mtaa, mtu wa kuandika kombe, yaani aya zinazooshwa kwa maji akanywa mgonjwa, na kusomea watu, na pia ni mtu wa dawa za majani. Ubani ulikua ushawashwa. Mzee akaingia, akamsogeza mtoto mlangoni kwenye mwanga, akamfunua macho akayaangalia, akamshika kwapa. Akauliza, "Wamekula nini leo?" Akaambiwa mnavu. "Umechumwa wapi?" Akapelekwa nyuma ya nyumba, akarudi na tawi mkononi, akamwambia mume alokua ndio anafika, "Mwanangu, hapa hakuna jini, huu ni mnanaha. Chukua sufuria lilivyo na hili tawi, wapeleke hospitali sasa hivi, mimi kombe langu halina kazi hapa."

Mimi namheshimu sana mzee yule kwa hilo. Angeweza kusoma, kuchoma ubani, na kufika magharibi mtoto angekua amezidiwa.

Hospitali walipokelewa wote wanne. Mtoto ana joto kali, na mtoto mwenye joto kali anaeweweseka hapa pwani jambo la kwanza watu hufikiria ni malaria imepanda kichwani, kipimo kikafanywa, hakuna malaria. Sasa ikaja fikra ya sumu ya shambani, ile ya kupulizia wadudu, manake watu kadhaa wamekula chungu kimoja. Hapa ndio pana jambo la kusimama kidogo, kwa sababu sumu nyingi za wadudu na mnanaha vinatenda kinyume kabisa. Mwili una kemikali inaitwa asetilikolini, hiyo ndio inaamrisha mate yatoke, jasho litoke, utumbo uende, kibofu kibane, mboni ya jicho isinyae. Zile sumu za wadudu za jamii ya oganofosfeti zinaifanya hiyo kemikali ijae kupita kiasi: mgonjwa anatokwa mate, machozi, jasho, anaharisha, na mboni zinakua ndogo kama kichwa cha sindano. Mnanaha unaziba milango yake: mate yamekatika, jasho limekatika, tumbo limenyamaza, mkojo umefunga, mboni zimetanuka mpaka rangi ya jicho karibu haionekani. Na dawa inayotumika kwa yule wa sumu ya wadudu ni atropini, ambayo ni mojawapo ya zile zile zinazotoka kwenye mnanaha. Maana yake ukimchanganya mgonjwa wa mnanaha na yule mwengine, unamuongezea kilichomuangusha. Daktari aliangalia mboni, akashika ngozi akakuta moto na mkavu, akaliona tawi, basi ikaeleweka.

Wenye vitabu wanaandika kwamba mgonjwa anakua mwekundu. Kwa ngozi zetu huo wekundu hutauona, kwa hivo usiutafute. Shika kwapa kama alivyofanya mzee. Mtu mwenye homa na moyo unaokwenda mbio kwa kawaida kwapa litakua na unyevu, hata la mtoto. Likiwa kavu kama karatasi na mwili unachoma, na mboni ni kubwa hata juani, uliza chakula.

Matibabu yalikua ya kawaida tu ila ya kuangaliwa kwa karibu. Mkaa maalum wa dawa kwa wale walioweza kumeza, maji ya dripu, mtoto akapozwa kwa kitambaa cha maji na feni, mama akapewa dayazepamu atulie manake alikua anataka kutoka nje, na bibi akawekwa mpira wa mkojo, tumbo la chini lilikua limejaa limekua gumu na alikua hawezi kusema ni nini kinachomuuma. Ipo dawa yenyewe ya kupinga kazi ya alkaloidi, yaani sumu hizi za mnanaha, inaitwa faisostigimini, na hiyo nayo imetoka kwenye mmea, maharage ya Calabar kule Nigeria ambayo zamani watu walinyweshwa kama kiapo cha kujua mchawi ni nani, lakini si dawa utakayoikuta kila hospitali na inataka mkono wa anaeijua. Kitu kimoja cha nyumbani watu wakijue: mgonjwa wa namna hii usimpe zile dawa za aleji zinazosinzisha ati alale, manake nyingi zinakausha mdomo na kufunga mkojo kwa njia hiyo hiyo, na kuna sindano za kutuliza vichaa za aina hiyo pia. Binti alirudi nyumbani kesho yake. Mtoto na mama akili ziliwarudia siku ya pili, bibi akachelewa kidogo. Mboni ndio zilikaa kubwa kwa siku kadhaa, mama alikua anatembea na mtandio juu ya macho, na mambo ya mchana ule hakumbuki hata moja.

Sasa tuje kwenye mmea wenyewe manake bila kuujua hutaelewa mtu alopika mnavu miaka yote alikoseaje.

Mnanaha, Datura stramonium kwa jina aliloupa mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753, ni ndugu wa mnavu. Wote ni jamii moja, ile ya nyanya, biringanya, pilipili, kiazi na tumbaku. Asili yake ni bara la Amerika, lakini umeenea dunia nzima na mahali unapopenda ni penye udongo ulochokolewa na wenye samadi: majaani, kando ya mazizi, pembeni ya njia, shamba lililolimwa jana. Ukikua haukosewi na mtu. Unafika kiunoni au zaidi, shina nene linalogawanyika mara mbili mara mbili kama panda, majani mapana yenye meno meno makubwa, na pale jani linapoungana na kikonyo upande mmoja umeshuka kuliko mwengine. Ua ni jeupe, refu kama tarumbeta, limekaa peke yake kwenye panda, linafunguka jioni na kunukia usiku ndio nondo waje. Tunda ni la ukubwa wa yai dogo, limesimama wima, limejaa miiba, likikauka linapasuka pande nne na ndani muna mbegu nyeusi bapa, mamia.

Tatizo ni mche. Ukiwa mdogo meno ya jani hayajatokeza, ua hakuna, miiba hakuna, ni kijani tu katikati ya kijani. Mimi nilikwenda baadae na yule mzee tukachuchumaa pale nyuma ya nyumba na tukaipata michache imebaki katikati ya mnavu, na wallahi ukichuma kwa haraka, jua limewaka, unavunja vichwa vya mboga kiganja kimoja kimoja, unavunja yote. Lakini tofauti zipo. Majani mawili ya kwanza kabisa ya mnanaha, yale yanayotoka kwenye mbegu, ni marefu membamba, ya mnavu ni mafupi ya duara duara. Shina la mnanaha ni nene kuliko umri wake. Na ukilifikicha jani, mnavu unanuka majani tu, mnanaha unanuka vibaya, harufu nzito ya kuchefua. Mzee alinambia hata punda analinusa analiacha, ila njaa ikizidi hula, na ni kweli mifugo imekufa kwa mnanaha sehemu nyingi, ikiwemo ile iliyokatiwa majani makavu, kwa sababu ukikauka harufu inapungua na sumu inabaki.

Moto nao hausaidii. Watu waliniuliza sana hili, mbona mboga imechemshwa? Alkaloidi hizi, atropini, haiosiamini na skopolamini, hazifi kwa kuchemsha chakula. Kinachotokea ni kwamba zinatoka kwenye jani zinaingia majini. Kuna wapishi wanaochemsha mnavu na kumwaga yale maji ya kwanza ili kupunguza uchungu, hao wangepunguza pia sumu, si kuimaliza lakini kupunguza. Huyu mama alipika na maji yake akaongeza tui, manake ndivyo nyumba ile wanavyopenda. Ndio sababu hata binti alochovya tui alikauka koo.

Na kwa nini mnanaha uote pale, mwaka ule? Hapa ndipo palinigusa zaidi. Lile zizi lilikua la mzee mmoja jirani, marehemu sasa, alokua na pumu. Mzee yule alikua na mnanaha wake pembeni ya zizi, hakuupanda wala hakuung'oa, na akibanwa kifua alichukua majani yalokauka kivulini, kidogo tu, akayavuta kwenye kiko. Watoto wake wanakumbuka, na wanakumbuka alikua akiwakataza kuugusa na kufikicha macho. Hakuwahi kuchemsha wala kunywa. Alipofariki mbuzi wakauzwa, zizi likaanguka, mti ukafyekwa, watu wakasahau. Mbegu hazikusahau. Mwaka 1902 kule Marekani mtafiti Duvel alifukia mbegu za aina zaidi ya 100 ardhini zifukuliwe moja baada ya nyengine kwa miaka, na za mnanaha zilipotolewa baada ya miaka 39 nyingi sana ziliota. Kwa hivo mama alipochukua jembe akageuza udongo ule wenye samadi ili apate mboga nzuri, alizileta juu kwenye mwanga, mvua ikanyesha, zikatoka pamoja na mnavu.

Dawa yenyewe ya yule marehemu haikua ushirikina, na mimi sikubali mtu kuicheka. Kule India majani ya jamii hii yalivutwa kwa pumu zamani sana, mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza wakaichukua desturi hiyo kwao, na mpaka karne ya 20 sigara za pumu zenye mnanaha zilikua zinauzwa madukani Ulaya na Marekani. Zinafanya kazi kweli: atropini inalegeza misuli inayobana njia za hewa na kukausha makohozi. Ipratropiamu, dawa ya kuvuta ambayo mgonjwa wa pumu anapewa leo akizidiwa hospitalini, imetengenezwa kutokana na atropini, ikabadilishwa ili ibaki kifuani isipande kichwani. Mgonjwa wa macho anaetiwa matone ya kupanua mboni, mgonjwa wa moyo unaopiga polepole mno anaechomwa atropini, msafiri wa bahari anaebandikwa skopolamini asitapike, wote hao wanatumia kitu cha jamii hii. Majani yenyewe yamebandikwa kwenye majipu na viungo vinavyouma Afrika na Asia yote.

Ila kwenye jani huna mizani. Mmea mmoja na mwengine hazilingani, jani changa na kongwe hazilingani, na mbegu ndio kali kabisa, moja tu inaweza kubeba kiasi cha miligramu 0.1 ya atropini, kwa hivo kiganja cha mbegu ni mauti. Yule marehemu alivuta mara mbili tatu akasikia kifua kimefunguka akaacha, mwili wenyewe ukimwambia basi. Alokula hana hiyo nafasi, mpaka dalili zianze sahani ishakwisha na ingali tumboni, na kwa sababu utumbo wenyewe umelala sumu inaendelea kuingia taratibu, ndio mtu anakaa siku mbili hajarudi. Kwa hivo naomba, mwenye pumu asijaribu mnanaha leo, wala wa kuvuta wala wa kuchemsha, atafute pampu ya kuvuta. Na vijana wanaosikia kwamba unalevya wakajaribu mbegu, waulizeni hawa wa Msabaha kama kuna raha, mama hajui hata alisema nini mbele za watu.

Wala kisa si kigeni. Mwaka 1676 askari wa Kiingereza kule Jamestown, Virginia, walichuma mnanaha mchanga wakaupika mboga, yaani kosa hili hili la Msabaha, na inaelezwa walipotewa na akili siku 11. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, unga wa lishe wa msaada uliingiwa na alkaloidi hizi, mamia wakaugua na watu 5 wakafa.

Sasa nirudi kwa yule mke, manake bila yeye nisingeandika. Maneno ya kwamba alimtilia mavyaa wake hayajesha, na mpaka leo kuna wanawake hawaonji chakula chake kwenye shughuli. Hebu tazama kisa chenyewe kinasema nini. Alokula zaidi ya wote ni yeye, alikomba sufuria kama wanavyofanya akina mama. Mwanawe wa kumzaa ndie alokua hali mbaya, kwa sababu mwili wake ni mdogo na sahani yake ilikua sawa na ya mtu mzima. Bibi alokua ati ndie alolengwa alikula kwa kiasi, alichelewa kupona kwa uzee. Binti alokula tui na majani machache aliumwa kidogo. Mume ambae hakula hakuumwa. Ugonjwa umefuata sahani, mtu kwa mtu, kwa kiasi alichokula, na shamba lina michemiche ya mnanaha katikati ya mnavu ambayo kila mtu amekwenda kuiona kwa macho. Mtu anaetaka kumlisha mwenzake sumu hampi mwanawe wa miaka saba kisha mwenyewe akakomba sufuria. Mzee aliyasema haya mbele ya watu msikitini, mavyaa mwenyewe aliyasema, "Huyu ni mwanangu na chakula chake nakula," na anakula kweli, lakini uvumi una miguu yake.

Pale nyuma ya nyumba mume aling'oa kila kilichokua na majani, kwa mifuko ya plastiki mikononi ili utomvu usifike machoni, akachoma mbali na nyumba upande ambao upepo hauleti moshi. Mvua za vuli zilipokuja ikatoka miche mingine, na itazidi kutoka miaka mingi kila udongo ukiguswa. Mama anaing'oa ikiwa na majani mawili tu, yale marefu membamba, kabla haijafanana na kitu chochote. Mboga ya majani pale hapandi tena, wameweka migomba, na mnavu wake ameuhamishia mbele ya nyumba kwa mbegu alizokausha mwenyewe kutoka kwenye matunda yake.